Kuona au kulinda macho? Fundi wa jua kali hafai kulazimika kuchagua

Kama umewahi kuwa mwanagenzi kwenye karakana yoyote mjini, jambo hili si geni kwako. Fundi mkuu, wa miaka hamsini hivi, anavaa miwani ya kinga anapoanza kukata chuma. Baada ya dakika mbili anaivua ili asome tepu. Anatoa mfukoni miwani ya kusomea aliyonunua kwa mchuuzi, anapima, anatia alama kwa chaki. Kisha anashika grinda tena, na iliyo usoni ni ile ya kusomea. Ya kinga imelala mezani hadi jioni.

Ni rahisi kusema mzee huyo ni mkaidi. Mabango ya usalama kazini huongea kana kwamba shida yote ni kichwa ngumu: vaa miwani, linda macho. Lakini huyu hajakataa kulinda macho yake. Anachokataa ni kufanya kazi bila kuona. Miwani ya kinga inayopatikana kwa urahisi haina namba, na ile yenye namba haina kinga. Akibanwa achague moja, atachagua inayomwezesha kumaliza kazi ya mteja na kulipwa. Wewe pia ungefanya hivyo.

Ndiyo maana nasema suala hili tumelipeleka kwenye mlango usio wake. Tunahubiri nidhamu mahali ambapo panakosekana kifaa. Na kifaa chenyewe kipo: miwani ya kinga ambayo tayari ina lenzi ya kusomea ndani yake. Kampuni kama 3M na DeWalt, ambazo majina yao mafundi wetu wanayajua vizuri, huiunda, na nyingine nyingi zisizo na jina kubwa pia. Shida ni kwamba ni nadra kuikuta pale fundi anaponunua diski, rodi za kuchomelea na misumari.

Jicho likigonga arobaini

Kwanza tuelewane kuhusu macho yenyewe. Ndani ya jicho kuna lenzi ndogo ambayo hubadilisha umbo ili tuone vitu vya karibu. Miaka inavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa. Mtu akishafika arobaini na kidogo, unamwona anasogeza simu mbali na uso ili asome ujumbe wa M-Pesa. Hata aliyekuwa na macho makali ujanani hupitia hapo, na hakuna karoti wala zoezi la macho linaloirudisha lenzi ilivyokuwa. Suluhisho la kawaida ni miwani.

Katika ripoti yake ya 2019 kuhusu uwezo wa kuona, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu bilioni 1.8 duniani wana hali hii, na kwamba milioni 826 kati yao hawajapata miwani inayowafaa. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Sasa ipeleke hali hiyo Kariobangi Light, au Kamukunji wanakogonga masanduku ya chuma na majiko, au Gikomba kwa maseremala. Kazi ya huko ni ya macho ya karibu kutwa nzima: mistari ya milimita kwenye tepu, alama ya chaki juu ya chuma cheusi, ncha ya biti ya drili, uzi wa skrubu. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo, zimo katika sekta isiyo rasmi. Huko hakuna idara ya rasilimali watu itakayokupeleka kupimwa macho ukitimiza miaka arobaini.

Tena wakati huu serikali imesema inataka milango na madirisha ya nyumba za bei nafuu yatoke kwa mafundi wa jua kali. Habari njema hiyo. Lakini oda kama hizo zina vipimo vya kufuata. Dirisha la mteja wa mtaani likizidi kidogo, unapiga nyundo, unapaka plasta, maisha yanaendelea. Dirisha lililoagizwa pamoja na mengine mia, yote ya kipimo kimoja, likizidi milimita tano linarudishwa. Fundi asiyeona milimita atapoteza oda hiyo hata kama mikono yake ina ujuzi wa miaka thelathini.

Miwani na mfuko

Unaweza kudhani miwani ni starehe ya wasomi. Utafiti unasema vingine. Mwaka wa 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa wachumaji chai 751 wa jimbo la Assam, India, wote wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza uzalishaji kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wamepewa. Na hao walikuwa wanachuma majani kwa mkono, kazi ambayo wengi wetu tusingefikiria inahitaji miwani.

Mwaka wa 2024 yakaja matokeo kutoka Bangladesh katika jarida la PLOS ONE. Watu 824 wa umri wa miaka 35 hadi 65, wanaofanya kazi zinazohitaji kuona karibu, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya kusomea bila malipo, jingine likasubiri. Baada ya miezi minane, mapato ya kati ya waliopewa yalikuwa yamepanda kutoka dola 35.30 hadi dola 47.10 kwa mwezi. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa asilimia 33.4.

Bangladesh si Nairobi, na mtu asikudanganye kwamba kila fundi akivaa miwani kesho mapato yake yatapanda kwa theluthi. Lakini mwelekeo uko wazi. Kuona vizuri ni sehemu ya mtaji, sawa na drili na jenereta. Fundi huweka akiba miezi mitatu anunue grinda mpya, ilhali macho yanayoiongoza hiyo grinda hayamo kwenye bajeti.

Kasi ya kipande cha chuma

Upande wa pili wa mzani ni hatari. Chukua diski ya grinda ndogo usome maandishi yake. Nyingi zimeandikwa mwendo wa juu wa mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 288 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa juu wa treni ya abiria ya SGR, ambao ni kilomita 120 kwa saa. Chembe inayong'oka ukingoni mwa diski hiyo haikupi nafasi ya kupepesa.

Miwani ya kusomea ya kawaida haikuundwa kukabili kitu kama hicho. Lenzi yake inaweza kupasuka, ukawa umeongeza vipande vya lenzi juu ya kipande cha chuma. Pembeni iko wazi, na chembe nyingi huingilia hapo. Kwa hivyo anayedhani miwani yoyote ni heri kuliko kukaa bila anajidanganya kwa sehemu kubwa.

Miwani halisi ya kinga hujaribiwa kwanza. Kwa viwango vya Ulaya vya EN 166, miwani yenye herufi F imepigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 45 kwa sekunde, yaani kilomita 162 kwa saa, na haikupasuka. Herufi B inamaanisha mita 120 kwa sekunde, na hiyo hupatikana tu kwenye miwani ya kufunika macho yote kwa mkanda au kwenye ngao ya uso. Kwa viwango vya Marekani utaona Z87, na alama ya kujumlisha ikifuata, yaani Z87+, ujue imepita jaribio la kugongwa kwa kasi.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Diski inaenda mita 80 kwa sekunde na miwani ya F ilijaribiwa kwa 45. Ndiyo sababu kwa kazi ya grinda wataalamu husema uvae miwani ya kinga na juu yake uongeze ngao ya uso. Na kabla ya yote hayo, rudisha ile kava ya grinda ambayo wengi huing'oa ili waingize diski kubwa kuliko inayoruhusiwa. Miwani ni mlinzi wa mwisho. Asiachiwe kazi ya walinzi wote.

Njia zilizopo, kuanzia ya bei ya chini

Basi fundi afanye nini, au wewe umnunulie nini mzee wako? Kuna njia tano.

Ya kwanza ni miwani ya kinga mipana inayovaliwa juu ya miwani ya kusomea aliyo nayo tayari. Ni ya bei ya chini na huanza kutumika leo leo. Ubaya wake ni uzito, ukungu kwenye joto, na mikwaruzo ya lenzi mbili zinazosuguana. Inafaa kwa kazi ya muda mfupi. Ukiivaa saa nane mfululizo utaichoka, na ukiichoka utaivua.

Ya pili ni lenzi za kubandika. Ni vipande laini vya plastiki vyenye umbo la nusu mwezi, ambavyo hushikana kwa maji upande wa ndani wa miwani ya kinga. Vinasaidia, na ukibadilisha miwani unavihamisha. Lakini jasho na vumbi huvibandua, kwa hivyo vinamfaa zaidi fundi wa umeme au wa simu kuliko anayekata vyuma.

Ya tatu ndiyo hasa tunayoizungumzia: miwani ya kinga iliyo na sehemu ya kusomea chini ya lenzi. Ukitazama mbele unaona mbali kama kawaida, ukiinamisha macho unaona tepu. Nguvu zake kwa kawaida huwa kati ya +1.00 na +3.00. Kwenye maduka ya mtandaoni ya ng'ambo nyingi huuzwa kati ya dola 10 na 20, yaani takriban Sh1,300 hadi Sh2,600 kabla ya usafiri na ushuru. Chukulia fundi anabaki na Sh800 kwa siku: hata ikifika hapa kwa Sh3,000, hiyo ni kazi ya siku nne kwa kifaa ambacho akikitunza kitamhudumia miezi mingi.

Ya nne ni kuundiwa na mtaalamu wa macho kwa vipimo vyako mwenyewe. Njia hii inamhusu mtu ambaye jicho moja linatofautiana na jingine, au anayeona mistari imepinda, au asiyeona mbali pia. Aombe lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu inayohimili kugongwa, na fremu ya kinga yenye vizuizi vya pembeni. Polikaboneti ndani ya fremu ya kawaida ya urembo bado haijawa miwani ya kinga.

Ya tano ni ya wachomeleaji. Helmeti nyingi za kuchomelea zina nafasi ndani, nyuma ya kioo cheusi, ya kuwekea lenzi ndogo ya kukuza. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 2 kwa 4¼. Welda anayeinamia mshono hadi pua iguse chuma huenda anahitaji tu lenzi hiyo. Lakini akivua helmeti agonge ganda la weldi, bado anahitaji miwani ya kinga, kwa kuwa ganda hilo huruka.

Namba ipi?

Hapa wengi hukosea kwa kununua namba kubwa wakidhani ndiyo bora. Namba hufuata umbali wa kazi. Kitabu husomwa kwenye sentimita 40 hivi, lakini kazi ya mezani karakana mara nyingi huwa sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni. Chukua tepu, pima kutoka jichoni hadi kwenye kazi, kisha gawanya moja kwa umbali huo katika mita. Nusu mita inakupa +2.00. Sentimita 67 zinakupa +1.50. Hicho ndicho kiwango cha juu kwa mtu ambaye lenzi ya jicho lake imekakamaa kabisa. Aliye na miaka 45 huhitaji kidogo zaidi ya nusu ya hapo, au chini yake.

Mambo mengine mawili. Fundi anayefanya kazi juu ya kichwa, chini ya gari kwa mfano, hatasaidiwa na lenzi ya kusomea iliyo chini. Kuna miwani yenye sehemu ya kusomea juu na chini, aulizie hiyo. Pia kuna miwani ya kinga ambayo lenzi nzima ni ya kusomea. Ni nzuri kwa aliyeketi sehemu moja, ila ni noma kwa anayetembea katikati ya mashine, maana mbali kote ni ukungu.

Na kabla ya kununua chochote, mtu apimwe macho walau mara moja. Si kila ukungu ni umri. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na mtoto wa jicho na kisukari navyo huanza kimyakimya. Mchuuzi wa barabarani hawezi kukuambia hayo.

Nani achukue hatua

Sheria haijakosekana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na inamgusa hata anayejiajiri. Kanuni za kulinda macho zimekuwepo tangu 1978. Lakini sheria imeandikwa ikimfikiria mwajiri mwenye kiwanda na mkaguzi anayebisha mlangoni. Kwenye jua kali fundi ndiye mwajiri, ndiye mwajiriwa, na mara nyingi hana hata mlango wa kubishwa.

Kwa hivyo tuanzie mahali ambapo fundi tayari hukutana na serikali. Wazee wengi sasa wanahimizwa kupata vyeti kupitia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kabla ya kumkagua fundi wa miaka 52 kama anajua kazi, mpime kama anaona. Itachukua dakika tano. Vyuo vya ufundi vinaponunua vifaa vya kinga viweke aina yenye lenzi za kusomea kwa walimu wao, ambao wengi wamevuka arobaini. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa 2023 tayari huingia nyumbani kwa watu. Kule Bangladesh kazi ya kupima na kugawa miwani imefanywa na watu kama hao, si madaktari bingwa.

Hili pia linaingiliana na ahadi tulizokwisha kutoa. Mwaka wa 2021 mataifa wanachama wa WHO yalikubaliana kwamba kufikia 2030 idadi ya watu waliopata miwani inayowafaa iongezeke kwa pointi 40 za asilimia. Imebaki miaka michache. Miwani ya mafundi ni hatua rahisi kuliko nyingi katika safari hiyo.

Wapo watakaosema mafundi hawatavaa hata wakipewa bure. Swali ni walipewa nini. Miwani iliyokwaruzika, inayofanya tepu ionekane ukungu mtupu, lazima iishie mfukoni. Kifaa kinachomsaidia mtu kufanya kazi haraka hakihitaji bango. Hakuna anayewahubiria mafundi wavae mkanda wa kubebea nyundo.

Halafu kuna sisi vijana. Wengi wetu tunatafuta biashara ya mtaji mdogo, na hii hapa inatutazama. Chama cha watu kumi wanaweza kuagiza miwani dazeni mbili za nguvu tofauti, wakagawana usafiri, wakaziuza Kariobangi au Kibuye, Kisumu, kwa faida ya haki. Sharti ni moja: alama ya Z87+ au EN 166 iwe kwenye lenzi na kwenye fremu, na itoke kwa muuzaji anayetoa risiti. Alama hizo hughushiwa, na ukimuuzia mtu feki umeuza jicho lake.

Kwa sasa nchi inategemea suluhisho ambalo halijaandikwa popote: mwanagenzi ndiye miwani ya fundi. "Kijana, njoo unisomee hapa" ni sentensi inayosikika karakana zote. Siku kijana huyo anapopata kazi kwingine, mzee anabaki na grinda, tepu asiyoisoma, na mteja anayesubiri geti lake. Ana miaka kumi na mitano zaidi ya kufanya kazi na kufundisha wengine. Kwa Sh3,000 tunaweza kumwachia macho yote mawili.